Umeme hadi banda la uwani: mota inanguruma tu haizunguki, na mashine inanichoma vidole. Tatizo liko wapi?

#1 Randa_ya_Fuoni
Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nina karakana ya useremala uwani kwa mama, Fuoni, Unguja. Banda nimelijenga kwa nguzo za mnazi na mabati, nyuma ya mfenesi. Kutoka kwenye Tukuza (mita yetu ya umeme wa kulipia kabla) barazani mpaka bandani nimepima kwa kamba, mita 42.

Juzi nimenunua randa ya mota iliyotumika, nguvu farasi mbili, yaani kilowati 1.5. Umeme nimeuvuta soketi ya jikoni kwa waya wa 2.5 (milimita za mraba) wa nyuzi mbili, nikaupitisha ndani ya paipu la maji juu ya ukuta wa ua, ukaegemea mfenesi, ukashuka bandani. Taa inawaka vizuri, drili inakwenda. Lakini randa asubuhi inaondoka kwa tabu, na jioni inanguruma tu. Taa ya jikoni inafifia mpaka mama anaita. Nikiusukuma mkanda kwa kipande cha mbao ndipo inazunguka, na ikishazunguka inafanya kazi vizuri.

La pili: mvua zilipoanza, nikigusa meza ya chuma ya randa nasikia sindano vidoleni. Nikivaa kandambili sisikii kitu.

Je, ni waya, ni mashine, au ni umeme wa mtaani? Nina milango mitatu ya watu na siku zinakwenda.

#2 Bahari_Kavu
Wa alaykum salaam. Waya. Mita 42 kwa 2.5 ni mbali mno kwa mota. Tia wa 6.

#3 Kibatari
Sikubali. Mleta mada kasema asubuhi inaondoka, jioni haiondoki. Waya haubadiliki unene kati ya asubuhi na magharibi! Kinachobadilika ni umeme. Jioni kila nyumba imewasha pasi, jiko na pampu ya maji. Kwangu Kwarara saa moja usiku friji inakohoa. Kwanza pima volti kwenye Tukuza, kisha ndiyo ununue waya.

#4 Karafuu_ya_Wete
Wote wawili mna haki, lakini tuhesabu badala ya kukisia. Waya wa shaba wa 2.5, kwenda na kurudi, unakula karibu milivolti 18 kwa kila ampea moja katika kila mita moja. Mota ya kilowati 1.5 ikiwa inazunguka inakula kama ampea 10. Basi 10 mara 42 mara 18, unapata volti 7 na nusu hivi. Si nyingi, ndiyo maana ikishaondoka unaona mambo mazuri.

Shida ni pale inapoanza. Mota ikiwa bado imesimama inavuta mara nne, tano, hata sita ya kawaida yake. Weka ampea 45 tu: waya peke yake unameza volti 34. Ukiwa na 230 nyumbani unabakiwa na 196 bandani. Ukiwa na 210 nyumbani unabakiwa na 176. Na nguvu ya mota kuondoka haipungui sawasawa na volti, inapungua kwa mraba wake. Kwa hiyo jioni unapigwa mara mbili, na Kibatari hajakosea kuhusu saa.

Kwa waya wa 6 ampea zilezile 45 zinapoteza volti 14 hivi. Wa 10, volti 8.

#5 Bahari_Kavu
Wapemba na hesabu! Mmezoea kupima pishi za karafuu.

#6 Karafuu_ya_Wete
@Bahari_Kavu pishi ikikosewa mchumaji anadhulumiwa. Na volti vilevile.

#7 Mzee_wa_Tezo
Mwanangu wa Fuoni, mimi ni seremala tangu randa zetu zote zikiwa za mkono. Kabla hujanunua chochote, legeza mkanda. Nimeona mashine nyingi za mkono wa pili, muuzaji kaukaza mkanda ili usiteleze mbele ya mnunuzi. Mota inaondoka huku imebeba mzigo kama punda aliyelemewa. Ukiubonyeza kati kwa kidole gumba uzame kidogo. Tena angalia beringi za rola ya visu, uzungushe kwa mkono, lakini umeme umetolewa kabisa. Ikiwa nzito, tia girisi kwanza ndipo ulaumu waya.

Na usiisukume kwa mbao. Kijana wangu mmoja alipoteza ncha ya kidole kwa mchezo huohuo.

#8 Bi_Makunduchi
Nyote mnazungumzia mota kutozunguka na mmeipita ile habari ya sindano vidoleni. Mimi ndiyo niliyoiona.

Kwetu Makunduchi, miaka mingi nyuma, jirani aliweka taa kwenye banda la mbuzi. Waya ulipita chini ya bati, bati likaukata ganda. Bati lilifungwa kwa waya wa chuma, na waya huohuo ukaendelea mpaka kwenye mpapai, ndiyo kamba ya kuanikia nguo. Siku kumi watu walikuwa wanasikia "sindano" wakianika, wanacheka tu. Siku ya kumi na moja mvua imenyesha, mtoto wa kike wa skuli akaenda kuanua sare yake miguu mitupu. Sina haja ya kumaliza.

Ndugu yangu wa Fuoni, kandambili si kinga. Tafadhali chomoa huo waya leo, si kesho.

#9 Randa_ya_Fuoni
Bi Makunduchi, nimekusoma nimesimama. Nimeuchomoa. Mungu amrehemu mtoto huyo.

Mzee wa Tezo, shikamoo. Mkanda ulikuwa umekazwa kweli, nimeulegeza.

Kabla ya kuchomoa nilikuwa nimeazima kipimo nikapima jana saa moja na nusu usiku. Kwenye soketi ya jikoni bila mzigo: 214. Bandani bila mzigo: 213. Nikiwasha randa inanguruma: jikoni 190, bandani 150.

#10 Kibatari
Haya, mnaona? Kabla hujagusa kitu una 214, si 230. Na ukiwasha, jikoni kwenyewe kunashuka volti 24. Hizo hazikupotea kwenye waya wa mfenesi, zimepotea kabla.

#11 Bahari_Kavu
Na 40 zimepotea kati ya jikoni na bandani. 40 na 24 ipi kubwa?

#12 Karafuu_ya_Wete
Mimi kilichonishughulisha ni kitu kingine. Hesabu yangu ilikuwa 34, yeye kapata 40. Hizo 6 zimekwenda wapi? Ama ampea ni nyingi kuliko nilivyokisia, ama kuna kiungo kibovu njiani, ama waya si shaba. Randa, chuna ncha ya waya ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unauzwa kama 2.5 lakini unapitisha umeme kwa tabu zaidi, na ukiukunja mara mbili tatu unakatika.

#13 Fundi_Nyutro
Salaam. Mimi ni fundi umeme, nimefunga nyumba na mahoteli ya pwani ya kaskazini. Maswali kabla ya majibu:

Kipimo ulichotumia ni cha aina gani? Vile vidogo vya dukani ni vizito kubadilisha namba, mota ikinguruma sekunde mbili huwezi kuamini 150. Inaweza kuwa 165, inaweza kuwa 140.

Soketi ya jikoni umechomeka kwa plagi au umeunga ndani? Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ya ampea 13, ningetegemea iwe imeshakufa mara kadhaa.

Na waya wa nyuzi mbili, ethi, yaani waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, iko wapi?

Kuhusu mota, inayonguruma na kuondoka ikisukumwa, kitu cha kwanza kukishuku ni kapasita ya kuanzishia. Mota ya fezi moja haiwezi kuondoka yenyewe bila kitu cha kuisaidia. Kapasita ikichoka unaona hayahaya.

#14 Randa_ya_Fuoni
Nimeunga ndani ya soketi, breka yake ni ya 32. Ethi bandani haipo, sikujua kama inahitajika. Nimekwangua waya: wekundu mpaka ndani, ni shaba.

Kuhusu kapasita: jana nimeipakia randa kwenye gari ya ng'ombe mpaka kwa binamu yangu, ana karakana barabarani, mita chache tu kutoka nguzo. Imeondoka mara moja bila kusukumwa. Kwa hiyo kapasita nzima, au?

#15 Fundi_Nyutro
Si lazima. Kapasita iliyopungua nguvu inaondoa mota pale volti ni nzuri, na inashindwa volti zikishuka. Kwa binamu yako umefuta dalili, hukufuta ugonjwa. Tena ulikwenda ukiwa umeshalegeza mkanda. Umebadilisha vitu viwili kwa pamoja.

#16 Mzee_wa_Tezo
Hapo fundi kasema kweli. Nami nasema ni mkanda.

#17 Dau_Jekundu
Mimi nishachoka na waya za mitaani. Weka sola na betri bandani, huna haja ya kuchimba wala kumwomba mtu.

#18 Karafuu_ya_Wete
Dau, kwa taa na drili sawa kabisa. Kwa mota inayovuta ampea 45 inapoanza, inveta (kigeuza umeme wa betri) inayotakiwa si ile ya kuchajia simu. Bei yake hapati kwa milango mitatu.

#19 Kibatari
Bado naona tunamchosha kijana bure. Umeme wa kisiwa hiki tunaujua. Tumekaa miezi mitatu gizani 2008, waya za watu zilikuwa na kosa gani?

#20 Bahari_Kavu
Umechanganya. 2008 ilikuwa kama mwezi mmoja, Mei mpaka Juni. Miezi mitatu ni ile iliyoanza Disemba 2009 ikamalizika Machi 2010. Naikumbuka kwa sababu mke wangu alijifungua katikati yake, kwa taa ya jenereta.

#21 Karafuu_ya_Wete
Na iwekwe wazi kuwa hiyo ilikuwa Unguja. Sisi Pemba wakati ule tulikuwa kwa majenereta ya Wesha, kebo yetu ya chini ya bahari kutoka Tanga tuliipata 2010. Mgao tuliujua kabla yenu.

#22 Kibatari
Nimesahihishwa, ahsanteni. Lakini kebo mpya ya Unguja ya megawati 100 iliwekwa 2013, na ile kongwe ya 1980 ilikuwa ya 45. Umeme kisiwani upo. Ninachosema ni kuwa kati ya transfoma na nyumba ya mwisho wa mtaa, ndiko unakochakaa. Nyumba zimeongezeka, waya ni uleule. Randa, nyumba yenu ni ya ngapi kutoka transfoma?

#23 Randa_ya_Fuoni
Ya mwisho kabisa, baada yetu ni shamba la mihogo.

#24 Kibatari
Nimemaliza.

#25 Bi_Makunduchi
Hujamaliza, bado hatujazungumzia ethi. Fundi Nyutro, hebu mfafanulie. Aivute kutoka nyumbani au achimbie rodi yake, ile fimbo ya ethi, bandani?

#26 Fundi_Nyutro
Bi Makunduchi, ahsante kwa kuturudisha.

Zile sindano: mota kongwe, vumbi la mbao na unyevu, umeme kidogo unavuja kwenda kwenye chuma. Kukiwa na ethi unashuka ardhini bila kukugusa. Kusipokuwa na ethi unasubiri mtu. Wewe ndiye ethi ya randa yako.

Mimi ningevuta waya wenye nyuzi tatu kutoka kwenye sanduku la breka lenyewe, si soketi ya jikoni, kwa breka yake peke yake. Na bandani ningechimbia rodi pia.

#27 Mkuza_Mwani
Mimi niko Jambiani, kwetu ni maweni matupu. Rodi inaingia futi moja na nusu, inagota jiwe, inapinda. Fundi alikata iliyobaki kwa msumeno, akafunga klipu, akasema imekwisha. Je, hiyo ni ethi?

#28 Fundi_Nyutro
Hiyo ni mapambo. Jiwe la matumbawe likikauka wakati wa kaskazi halipitishi kitu. Tafuta mahali penye udongo hata kama ni mbali kidogo na nyumba, karibu na migomba au yanapomwagika maji ya kukogea, au laza shaba kwenye mtaro mrefu badala ya kuisimamisha.

#29 Karafuu_ya_Wete
Niongeze hesabu moja, Bahari_Kavu anivumilie. Rodi nzuri kwenye udongo wa kawaida tuseme ina ukinzani wa omu 50. Fezi, waya wenye umeme, ikigusa chuma cha mashine: 230 gawa kwa 50, ampea 4 na nusu. Breka ya 32 haitajua kama kuna kitu! Itakaa hapo umeme unakwenda ardhini usiku kucha, yuniti zinaliwa, na chuma kina umeme. Kwa hiyo rodi peke yake haitoshi. Lazima iwepo breka ya usalama, ile yenye kitufe cha majaribio, ya miliampea 30. Hiyo inakata kwa uvujaji mdogo mno, hata rodi ikiwa dhaifu.

#30 Dau_Jekundu
Zile zinakatakata ovyo mvua ikinyesha. Kwangu fundi aliitoa, sasa raha.

#31 Bi_Makunduchi
Dau, irudishe. Inapokatika mvua ikinyesha inakwambia maji yameingia mahali. Umemfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele akiona mwizi. Una watoto?

#32 Dau_Jekundu
Wawili. Nimekuelewa, Bi. Namwita fundi mwingine kesho inshallah.

#33 Bahari_Kavu
Turudi kwenye njia ya waya. Mfenesi hapana. Mti unacheza na upepo wa kusi, paipu linasuguana na tawi, na fenesi moja likianguka juu yake kazi imekwisha. Pia paipu la maji likikaa juani miaka miwili linapasuka lenyewe.

#34 Randa_ya_Fuoni
Kuna mtu kaniambia nikate mfenesi.

#35 Mzee_wa_Tezo
Nani huyo? Usikate! Mti unampa mama yako kivuli na chakula. Pita chini.

#36 Mkuza_Mwani
Tena mfenesi wa Fuoni! Ukateni, halafu sisi wa maweni tutakula nini tukija mjini?

#37 Fundi_Nyutro
Pita chini ya ardhi, lakini si waya wa kawaida ndani ya paipu jembamba. Kebo yenye ganda la chuma, shaba halisi ndani, mtaro wa sentimita 50 mpaka 60 ili jembe la mtu anayepanda muhogo lisiifikie. Chini mchanga, kebo, mchanga tena, kisha utepe wa njano wa tahadhari kabla ya kufukia. Pitia mbali na shina la mfenesi, mizizi yake haina adabu. Piga picha mtaro ukiwa wazi na kipimo cha kamba juu yake. Miaka kumi ijayo utaihitaji.

Ganda la chuma nalo lifungwe kwenye ethi. Wengi wanalisahau.

#38 Karafuu_ya_Wete
Na panya. Kwetu Wete panya walitafuna waya uliokuwa kwenye paipu wazi mwisho, wakafanya nyumba humo. Ziba ncha zote mbili.

#39 Kibatari
Swali la kifamilia. Tukuza ni ya mama. Mota ikianza kazi kweli, yuniti anazinunua nani? Mimi na kaka yangu tulikosana miezi sita kwa jambo hili.

#40 Randa_ya_Fuoni
Nanunua mimi zote, zake na zangu. Yeye ndiye aliyenipa uwanja.

#41 Bi_Makunduchi
Mungu akubariki.

#42 Kibatari
Basi baadaye, ukiongeza msumeno wa meza, nenda shirika la umeme uombe laini ya karakana peke yake. Fezi tatu ukiweza, mota za fezi tatu haziombi kapasita.

#43 Fundi_Nyutro
Hilo tunakubaliana, Kibatari. La kwanza leo.

#44 Randa_ya_Fuoni
Ndugu zangu, narudi baada ya siku kumi na mbili, samahani kwa ukimya.

Nimechimba mtaro na vijana wawili, tumepita kando ya ukuta, njia imerefuka, mita 47. Kebo ya chuma ya 6, nyuzi tatu. Fundi mwenye leseni kafunga breka yake kwenye sanduku la nyumbani, na bandani sanduku dogo lenye breka ya usalama ya 30. Rodi imeingia yote, udongo wetu mlaini. Kitufe nimekibonyeza, inakata. Sindano hakuna, nimegusa meza miguu mitupu baada ya fundi kupima.

Tulipofungua soketi ya jikoni, skrubu ya nyutro (waya wa kurudishia umeme) ilikuwa imelegea na plastiki imeungua kahawia. Fundi anasema ilikuwa inasubiri kuwaka. Pengine ndiko zilikokwenda zile volti 6.

Randa asubuhi inaondoka vizuri sana, taa ya mama haififii. Mlango mmoja wa mvule nimeshautoa.

Lakini Ijumaa baada ya magharibi ilinguruma tena. Mara mbili. Ya tatu ikaondoka. Nilipima kwenye sanduku la nyumba bila mzigo: 203.

#45 Kibatari
203!! Nilisema nini?

#46 Fundi_Nyutro
Kwa waya wa 6 na mkanda uliolegezwa, mota nzima ingeondoka hata kwa 203. Nasimama na kapasita.

#47 Mzee_wa_Tezo
Beringi je, mwanangu? Ulizungusha kwa mkono?

#48 Randa_ya_Fuoni
Nilizungusha, shikamoo mzee, ni nyepesi upande mmoja, upande wa pili inakwaruza kidogo.

#49 Mzee_wa_Tezo
Ahaa.

#50 Karafuu_ya_Wete
Usinunue vyote kwa mara moja, hatutajua kilichoponya. Anza na kapasita, ndiyo rahisi. Namba yake imeandikwa ubavuni, mikrofaradi na volti. Mikrofaradi ziwe zilezile, volti zisiwe chini.

#51 Randa_ya_Fuoni
Kesho baada ya alfajiri nafungua kifuniko cha mota. Nikiikuta imevimba naweka picha hapa.

#52 Fundi_Nyutro
Zima breka kwanza, chomoa kabisa. Na ukishazima usiishike hapohapo: kapasita inabaki na umeme ndani hata mota imesimama. Igusishe ncha zake kwa taa ya kawaida ya balbu mpaka iishe, ndipo uitoe.